Jinsi ya kusoma historia ya straika wa Kiingereza aliyepita timu kumi na kitu, bila kumuonea

Unafungua ukurasa wa straika fulani, unakuta timu 14, zingine hujawahi hata kuzisikia, kwenye timu moja kacheza mechi 4 goli 0, ingine mechi 61 goli 30, halafu unafunga ukurasa unasema huyu jamaa alikuwa galasa, angekuwa mzuri angetulia sehemu moja. Hapo ndo watu wengi wanakosea. Straika aliyesajiliwa mara 14 maana yake kuna makocha 14 waliokaa ofisini wakasema huyu tunamtaka, na kuna wenye timu 14 waliokubali kutoa hela, na goli ndo bidhaa ghali kuliko zote kwenye mpira. Beki wa kati akiwa wa kawaida anakaa timu moja miaka 9 hakuna anayemsumbua, straika wa kawaida kila akifunga goli 15 anauzwa, kila akikauka mechi 10 anatolewa kwa mkopo. Kwahiyo wingi wa timu peke yake haukwambii kitu, inabidi ujue kuisoma hiyo orodha, na nitakuelekeza ninavyofanya mimi.

Anza kwa kutenganisha mikopo na usajili wa moja kwa moja. Chukua karatasi, andika timu alizosajiliwa kwa mkataba upande mmoja, alizoenda kwa mkopo upande mwingine, utashangaa timu 14 zinavyogeuka kuwa 7. Mfano mzuri ni Marcus Bent, yule anayejulikana kwa kucheza timu 8 tofauti za Premier League: Crystal Palace, Blackburn, Ipswich, Leicester, Everton, Charlton, Wigan na Wolves. Ukiisoma harakaharaka unaona mtu asiyetulia, lakini Leicester, Wigan na Wolves zote alienda kwa mkopo. Tena angalia mwisho kule, Birmingham walimsajili 2008, baada ya hapo mikopo inafuatana, Middlesbrough, QPR, Wolves, Sheffield United, zote nne akiwa bado mchezaji wa Birmingham. Hiyo sio timu nne zilizomchoka, ni timu moja iliyokuwa imeshamtoa kwenye mipango yake na inatafuta mtu wa kusaidia kulipa mshahara. Kwenye mkopo timu mbili zinakubaliana nani analipa kiasi gani, wakati mwingine timu mama inalipa nusu au zaidi ili tu mchezaji aondoke mazoezini.

Na kama ni mchezaji wa kabla ya 2016 ongeza umakini, kwa sababu ligi za chini ya Premier League zilikuwa na kitu kinaitwa mkopo wa dharura, unamchukua mtu katikati ya msimu hata dirisha likiwa limefungwa, kuanzia siku 28 mpaka 93. Utaratibu huo ulifutwa kuanzia msimu wa 2016-17. Kwahiyo ukiona mtu kaenda sehemu kacheza mechi 5 kafunga 2 karudi, usiandike "alifeli", huenda alienda kuziba pengo la mtu aliyeumia mwezi mmoja na kazi akaimaliza vizuri tu. Trevor Benjamin ndo mfano wa kuangalia hapa, Leicester walimtoa Cambridge United mwaka 2000 akiwa na miaka 21, wakaanza kumzungusha Crystal Palace, Norwich, West Brom, Gillingham, Rushden, Brighton. Orodha yake ya maisha yote inatisha kuitazama ila ukitoa mikopo inapungua sana.

Tarehe nazo ni za kuangalia kabla hujatoa hukumu. Dirisha la usajili tulilolizoea, la kiangazi na la Januari, Uingereza lilianza msimu wa 2002-03. Kabla ya hapo timu ziliruhusiwa kununua na kuuza msimu mzima mpaka karibu mwisho wa Machi. Ndo maana unakuta Bent anaenda Ipswich Novemba 2001, mtu wa siku hizi anajiuliza imewezekanaje, na Steve Claridge anatoka Birmingham kwenda Leicester Machi 1996 msimu ukiwa unaelekea ukingoni. Huo wa Claridge ukiutazama juujuu ni uhamisho wa mtu wa miaka 29 kutoka timu ya daraja la pili kwenda timu nyingine ya daraja hilohilo, wala haustui. Miezi miwili baadaye fainali ya mchujo wa kupanda daraja Wembley dhidi ya Crystal Palace, 1-1, dakika za nyongeza zinaisha watu wanajiandaa na penati, Claridge anapiga mpira unatua kwenye kona ya goli, Leicester wanapanda Premier League. Mwaka uliofuata akafunga tena goli pekee la marudiano ya fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Middlesbrough. Usajili ule umeleta vitu viwili ambavyo kuna timu zimetumia hela nyingi zaidi hazijavipata. Desemba 2006, akiwa na miaka 40, Bournemouth wakamsajili ili afikishe mechi yake ya 1000, wakafungwa 4-0 na Port Vale. Basi ndo mpira huo.

Sasa majina ya madaraja, hapa watu wanachanganyikiwa kweli. Mpaka 1992 First Division lilikuwa daraja la juu kabisa. Premier League ilipoanza, First Division likawa daraja la pili, Second Division likawa la tatu, Third Division la nne. Halafu 2004 wakabadilisha tena, daraja la pili likaitwa Championship, la tatu League One, la nne League Two. Chini yake ilikuwa Conference, ambayo tangu 2015 inaitwa National League. Kwahiyo ukisoma straika alifunga goli 12 Second Division mwaka 2003 hiyo ni League One ya leo, sio Championship, na ukisoma alifunga First Division 1990 huyo alikuwa anafunga kwenye ngazi ya Liverpool na Arsenal. Kila msimu pembeni yake mimi naandika namba tu, 1, 2, 3, 4, 5, siandiki jina la ligi. Ukishafanya hivo unaanza kuona mlima, mtu anapanda, anashuka, anapanda tena, na hiyo ndo historia yenyewe kuliko majina ya timu.

Jaribu kwa Rickie Lambert uone. Liverpool walimtema akiwa na miaka 15, akaenda Blackpool, wakamwacha, kuna kipindi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bitiruti anafunga vifuniko vya chupa. Akaenda Macclesfield namba 4, Stockport namba 3 halafu akashuka, Rochdale namba 4, Bristol Rovers walimchukua 2006 wakiwa namba 4 wakapanda 3, Southampton wakamnunua 2009 kwa pauni milioni 1 hivi wakiwa namba 3, wakapanda 2011, wakapanda tena 2012, na mtu huyu akaingia namba 1 kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 30 na mechi ya kwanza kabisa kule Manchester City akafunga. Msimu huo goli 15 za ligi. Agosti 2013 akaitwa timu ya taifa, akaingia kutoka benchi dhidi ya Scotland Wembley, akagusa mpira mara ya kwanza kwa kichwa ukaingia, 3-2. Liverpool waliomtema wakaja kumnunua 2014 kwa pauni milioni 4 hivi. Kwa namba za madaraja hiyo safari ni 4, 3, 4, 3, 2, 1, taifa. Huwezi kuiona ukisoma majina ya timu tu maana utasema "mh, Macclesfield, Rochdale, huyu wa kawaida".

Haya, magoli sasa. Kitu cha kwanza, takwimu nyingi za pembeni ya jina la mchezaji zinahesabu mechi za ligi tu, hazina FA Cup wala Kombe la Ligi wala mechi za mchujo. Kwa straika wa madaraja ya chini hilo linauma, kwa sababu mara nyingi goli lililomuuza limefungwa kwenye FA Cup siku kamera zilipokuja. DJ Campbell, Brentford walimtoa Yeading kwenye ligi za chini 2005, Januari 2006 akawafunga Sunderland mara mbili kwenye FA Cup na Sunderland wakati huo wako Premier League, kabla mwezi haujaisha yuko Birmingham, Premier League. Ukiangalia goli zake za ligi pekee pale Brentford huwezi kuelewa ilikuwaje akanunuliwa haraka vile.

Kitu cha pili, tenganisha mechi alizoanza na alizoingia. Vitabu vya takwimu vya Uingereza huwa vinaandika kitu kama 18+21, maana yake kaanza 18 kaingia 21. Mtu mwenye 18+21 na goli 9 ni tofauti kabisa na mwenye 39+0 na goli 9. Wa kwanza alikuwa anapewa dakika 15 mwishoni wakati mabeki wamechoka au timu imefungwa, wa pili alipewa kila kitu. Ukipata dakika alizocheza ni bora zaidi, gawanya dakika kwa magoli, basi. Straika anayefunga kila dakika 150 yuko vizuri popote pale, wa kila dakika 300 inabidi awe anafanya kazi nyingine uwanjani, kama kushika mpira mbele au kushinda vichwa, na kwenye League Two wachezaji wa hivyo wapo wengi na wanalipwa kwa haki.

Penati nazo. Kuna watu wana kasumba ya kutoa penati kwenye hesabu kama vile zinajifunga zenyewe. Toa ukitaka kulinganisha, lakini Lambert pale Southampton alipiga penati 34 akafunga zote 34, sasa hiyo nayo ni bahati? Mimi naziandika pembeni, sizifuti.

Halafu usiangalie jumla, angalia msimu kwa msimu, straika wa kuhamahama karibu kila mmoja ana msimu mmoja au miwili iliyowaka na hiyo ndo iliyomlipa miaka mitano iliyofuata. Jamie Cureton alitoka Norwich akiwa kijana, akapita Bristol Rovers, Reading, akaenda mpaka Korea Kusini timu ya Busan, akarudi QPR, Swindon, halafu 2006-07 akiwa Colchester, timu ambayo ndo kwanza ilikuwa Championship kwa mara ya kwanza na kila mtu aliiweka ishuke, akamaliza mfungaji bora wa ligi nzima na goli 23 na Colchester wakamaliza nafasi ya 10. Alikuwa na miaka 31. Kiangazi hicho Norwich wakamrudisha. Kwenye jumla ya maisha yake msimu huo umefichwa katikati ya misimu mingine mingi, ukiruka umeruka kila kitu.

Sasa sehemu ninayoipenda kuliko zote na watu wengi hawaifanyi kabisa: fuata makocha. Pembeni ya kila timu andika jina la kocha aliyekuwepo siku anasajiliwa. Hiyo tu. Straika wa aina hii mara nyingi hahami kwenda timu, anahamia kwa mtu. Billy Sharp chukua kama somo. Scunthorpe 2006-07 alifunga goli 30 za ligi wakapanda, na msimu huo Nigel Adkins, aliyekuwa mtibabu wa timu, ndo alipewa ukocha katikati. Januari 2012 Southampton wanamnunua Sharp kutoka Doncaster, kocha nani? Adkins. 2013 anaenda Reading kwa mkopo, kocha Adkins. 2015 anarudi Sheffield United, kocha Adkins. Timu nne kocha mmoja! Ukiisoma bila makocha unaona mtu anatangatanga, ukiisoma na makocha unaona mtu ambaye bosi wake wa zamani kila akipata kazi mpya anampigia simu. Na kinyume chake ni kweli pia, ndo unaelewa kwanini straika anasajiliwa Agosti, kocha anafukuzwa Oktoba, Januari jamaa yuko kwa mkopo daraja la chini. Hajasahau kufunga ndani ya miezi mitatu, kocha mpya kaja na mfumo wa straika mmoja na mtu wake mwenyewe.

Grant Holt ana hiyo pia, alifunga sana Norwich chini ya Paul Lambert, wakapanda mara mbili mfululizo 2010 na 2011, akafunga 15 msimu wake wa kwanza Premier League, mtu aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha matairi huku anacheza mpira, aliyewahi kwenda Singapore kutafuta maisha. Akaenda Wigan 2013 mambo yakagoma. Januari 2014 nani kamchukua kwa mkopo? Aston Villa, kocha Paul Lambert. Unaona.

Upande wa hela usijichoshe sana. Kiasi cha madaraja ya chini mara nyingi hakitajwi, timu zinatangaza tu kwamba ada ni siri, na namba zinazozunguka magazetini ni makadirio, zingine zinajumlisha hela za baadaye kama timu ikipanda au mchezaji akifikisha mechi kadhaa. Kuna pia asilimia ya mauzo yajayo, timu ndogo inauza kwa bei ndogo ila inabaki na asilimia kadhaa akija kuuzwa tena, kwahiyo bei ya kwanza kuonekana ya kutupa sio ujinga. Na mchezaji aliye chini ya miaka 24 akimaliza mkataba Uingereza na timu yake ilikuwa imempa ofa mpya, timu inayomchukua inatakiwa ilipe fidia, wakishindwana kuna kamati inapanga kiasi, ndo pale unapoona "ada iliamuliwa na kamati".

Neno la kuogopa ni "bure". Tangu hukumu ya Bosman Desemba 1995, kesi ya mchezaji wa Ubelgiji iliyofungua njia ya kuhama mkataba ukiisha, mchezaji aliyemaliza mkataba anaondoka bila timu yake kupata kitu, ukiacha wale wa chini ya miaka 24 niliowataja, lakini hiyo haimaanishi hana thamani. Jermaine Beckford, aliyechukuliwa na Leeds kutoka Wealdstone 2006, ndo aliyewafunga Manchester United Old Trafford kwenye FA Cup Januari 2010 Leeds wakiwa daraja la tatu, kiangazi hicho akaenda Everton bure. Bure! Msimu mmoja tu, siku ya mwisho akachukua mpira karibu na boksi lake akakimbia uwanja mzima akawafunga Chelsea, na jioni hiyohiyo Chelsea wakamfukuza Ancelotti palepale Goodison. Kiangazi Everton wakamuuza Leicester kwa hela ya maana. Aliyepata hasara hapo ni Leeds peke yao.

Mwezi wa Mei nao uwe unauangalia. Timu zinatoa orodha ya wanaobaki na wanaoachwa, mikataba inaisha Juni 30, na kwa League Two wachezaji wengi wanasaini mwaka mmojammoja, kwahiyo kila kiangazi wako sokoni hata wakiwa wamefunga. Adebayo Akinfenwa alianzia Lithuania timu ya Atlantas, akapita Barry Town, Boston, Leyton Orient, Rushden, Doncaster, Torquay, Swansea, Millwall, Northampton mara mbili, Gillingham mara mbili, AFC Wimbledon. Mei 2016 fainali ya mchujo wa League Two, Wembley, Wimbledon wanaongoza, dakika za mwisho penati, anapiga, 2-0 dhidi ya Plymouth, timu imepanda. Anahojiwa kwenye televisheni palepale uwanjani, na badala ya kushukuru tu akasema kiufundi sasa hana kazi, makocha wamtafute WhatsApp. Watu walicheka ila alikuwa anasema ukweli mtupu, timu imepanda, yeye kafunga, mkataba umeisha. Wycombe wakamchukua akiwa na miaka 34, akakaa miaka 6, wakapanda wakapanda tena mpaka Championship 2020, akastaafu 2022 akiwa na 40. Yaani mtu aliyekuwa anahama karibu kila mwaka alikuja kutulia uzeeni, kwa sababu alipata kocha, Gareth Ainsworth, aliyejua kumtumia dakika 20 na dakika 60 inapobidi. Rudi kwenye kile nilichosema cha makocha.

Jambo dogo kuhusu sheria, ukiona straika kasajiliwa timu tatu msimu mmoja halafu hajaichezea ya tatu usishangae, FIFA inaruhusu kusajiliwa timu tatu ndani ya msimu ila kucheza mechi rasmi timu mbili tu. Kuna watu walikaa jukwaani nusu msimu kwa sababu hiyo na takwimu zinaonyesha mechi 0 kama vile walikuwa wabovu.

Mwisho wa safari ndo sehemu ngumu kufuatilia. Wengi wakifika 35 wanashuka chini ya National League, ligi za mikoa, wanacheza Jumamosi na katikati ya wiki wana kazi nyingine, Cureton aliendelea kufunga huko akiwa ameshapita miaka 40. Wengine wanaenda mbali, Bent alienda mpaka Indonesia, timu ya Mitra Kukar. Takwimu za huko chini hazipatikani kwenye kurasa kubwa, au zipo zina makosa, mechi ya kirafiki imehesabiwa ya ligi, goli la mtu mwingine mwenye jina kama lake. Tafuta tovuti ya klabu yenyewe, gazeti la mji husika, au kijitabu cha mechi kama kuna mtu kakipiga picha, linganisha angalau sehemu mbili kabla hujaandika namba, na kama hazilingani andika zote mbili na tarehe uliyoangalia.